Kiharusi Ujanani: Mwongozo wa Kushughulikia Kumbukumbu, Umakini na Mpangilio wa Mambo Vilivyotetereka

Kijana aliyepata kiharusi, kisha akaanza kutembea tena na kushika kijiko kwa mkono uliokuwa umelegea, huhesabiwa na ndugu zake kuwa amepona. Miezi michache baadaye minong'ono huanza: amekuwa mvivu, ana hasira za bure, anaahidi na hatimizi, ameshindwa kusimamia biashara aliyoimudu kwa miaka. Mara nyingi hakuna uvivu wowote hapo. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuinua mkono, na kazi hizo, yaani kuwa makini, kukumbuka, kupanga na kuamua, hazionekani kwa macho, wala mgonjwa mwenyewe si lazima ajue kwamba zimepungua.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kijana huyo na ndugu anayemsimamia, hasa walioko Dodoma mjini na wilaya za jirani kama Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Katika suala la kiharusi, madaktari wengi humwita kijana mtu wa umri wa miaka 18 hadi 50 hivi. Sababu za kiharusi cha umri huu hazifanani moja kwa moja na za wazee: shinikizo la damu ambalo halikuwa limegunduliwa limo, lakini pia yamo selimundu, ugonjwa wa vali za moyo, maambukizi ya VVU, kifafa cha mimba na kuchanika kwa ukuta wa ndani wa mishipa ya shingo. Sababu ni lazima itafutwe hospitalini, kwa kuwa ndiyo inayoamua dawa. Utafiti wa Nijmegen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima watu waliopata kiharusi wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 50, na kwa wastani miaka 11 baada ya tukio, hadi nusu yao walikuwa bado chini ya kiwango cha kawaida katika baadhi ya vipimo vya kufikiri na kukumbuka. Kwa hiyo kusubiri tatizo lipite lenyewe si mpango.

Hatua ya 1: Jua ni kipi hasa kilichopungua

Kusema kwamba "kichwa chake hakijakaa sawa" hakumsaidii mtu, kwa sababu msaada wa aliyepungukiwa umakini si ule wa aliyepungukiwa kumbukumbu. Kwa vijana, kinachoathirika mara nyingi zaidi ni kasi ya kufikiri. Mtu anaelewa kila kitu, ila anaelewa akiwa amechelewa: kondakta wa daladala anamwuliza anashukia wapi, naye jibu linamjia gari likiwa limeshakipita kituo. Katika kikao cha ukoo, ambapo watu watatu huongea kwa mpigo, hukaa kimya na kuonekana kama amesusa, kumbe bado anashughulika na sentensi ya mtu wa kwanza.

Lipo pia tatizo la kushikilia jambo kichwani huku ukilifanyia kazi. Mfikirie mama anayeuza nyanya katika soko la Majengo. Mteja amechukua mafungu matatu ya shilingi 1,000 na vitunguu vya shilingi 1,500, akatoa noti ya 10,000. Zamani chenji ya 5,500 ilitoka kabla mteja hajafunga mfuko wake. Sasa akifika kwenye vitunguu, hesabu ya nyanya imeshafutika, na akianza upya, mteja wa pili amemsemesha. Mama huyu hajasahau hesabu. Mpe mahali tulivu na kalamu, atakokotoa bila kukosea.

Wengine hupoteza uwezo wa kupanga. Anajua kwamba safari ya Kondoa inahitaji tiketi, nguo, dawa na kuaga kazini, lakini hawezi kuamua kianze kipi, hivyo jioni inamkuta ameketi kitandani na begi tupu. Hili ndilo linaloitwa uvivu kuliko mengine yote, na nadhani ndilo linalovunja ndoa nyingi, kwa kuwa mwenzi anaona mtu mwenye nguvu zake asiyefanya kitu mpaka asukumwe.

Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu asiutambue upande wake wa kushoto ingawa macho yake ni mazima: anamaliza ugali wa nusu ya kulia ya sahani na kudai kuwa hakushiba, au anagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango kila siku. Kiharusi cha upande wa kushoto mara nyingi huvuruga lugha, na hapo ndugu wawe waangalifu sana, kwa maana mtu anayekosa neno la kusema huweza kudhaniwa kuwa amesahau, ilhali anakumbuka kila kitu. Wapo pia wanaolia au kucheka bila sababu na bila kuweza kujizuia. Hilo ni tokeo la jeraha la ubongo na lina dawa, hivyo daktari aambiwe.

Mwisho, na hili huwachosha ndugu kuliko yote, yupo mgonjwa anayekana kabisa kwamba ana tatizo. Hadanganyi wala hana kiburi. Sehemu ya ubongo ambayo ingemwonyesha upungufu huo ndiyo yenyewe iliyojeruhiwa. Kubishana naye hakufai. Mwache ajaribu kazi ndogo isiyo na hatari, kisha mwangalie matokeo pamoja.

Hatua ya 2: Weka daftari kwa wiki mbili

Kliniki huwa na foleni ndefu, na ndani ya dakika kumi za kuonana na daktari kijana aliyejiandaa vizuri huonekana mzima kabisa. Kwa hiyo daftari la shilingi mia chache lina thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo. Andika siku, saa, kilichotokea na hali ilivyokuwa. Usiandike hukumu kama "alikuwa mbishi". Kwa mfano:

*Jumanne, saa 10 jioni. Alitumwa sukari, sabuni na kiberiti, akaleta sukari tu. Alitoka kliniki mchana, hakupumzika, na njiani alipigiwa simu.*

*Alhamisi, saa 3 asubuhi. Aliandikiwa vitu vinne kwenye karatasi. Alileta vyote na chenji sahihi.*

Maingizo hayo mawili tayari yamesema mengi: karatasi inafanya kazi, asubuhi ni bora kuliko jioni, na simu ya njiani inamvuruga. Mgonjwa mwenyewe aandike upande wake ikiwa anaweza, hata kwa maneno machache, kwa sababu tofauti kati ya anachokiona yeye na unachokiona wewe ni taarifa muhimu kwa mtaalamu.

Hatua ya 3: Chunguza vinavyoongeza ukungu kichwani

Kabla ya kulitupia jeraha lawama zote, tafuta mambo yanayoweza kurekebishwa. Uchovu wa baada ya kiharusi huwapata takriban nusu ya wagonjwa, nao si uchovu wa kawaida. Mtu anaweza kuishiwa nguvu za kufikiri baada ya saa moja ya mazungumzo. Sonona huwapata takriban theluthi moja, na huja na usahaulifu, kukosa usingizi na kutopenda chochote. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini navyo hupunguza umakini. Macho na masikio yapimwe pia.

Kisha mwaga dawa zote mezani, zikiwemo zile za kununua dukani bila cheti. Piritoni ya mafua, diazepamu ya usingizi, amitriptilini na fenobabito ya degedege zote zinaweza kupunguza kasi ya kufikiri. Usimwachishe mtu dawa ya degedege wala ya usingizi kwa uamuzi wako, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Zipeleke kwa daktari aone kama ipo ya kubadilisha. Pombe, iwe ya chupa au ya kienyeji, iachwe.

Familia nyingine huwa imeanzia kwa mganga, nami siandiki haya ili kumkemea mtu. Jambo moja tu halina mjadala: dawa za shinikizo na za kuzuia damu kuganda zisisimamishwe kwa ajili ya tiba nyingine yoyote.

Hatua ya 4: Nenda ukapimwe, na useme wazi unachotaka

Kwa mkazi wa Dodoma, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Aliyeko wilayani aanzie kituo chake na kuomba rufaa. Ukifika usiseme tu kwamba umekuja kwa ajili ya kiharusi, kwa sababu utapimwa shinikizo, utaandikiwa dawa zilezile na kurudi nyumbani. Sema: "Daktari, mkono umerudi, lakini hawezi kufuatilia jambo hadi mwisho, tumeandika yanayotokea, na tunaomba apimwe kumbukumbu na umakini." Hapo toa daftari.

Kipimo kinachotumika sana duniani kwa kazi hii ni MoCA, chenye alama 30. Alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa za kawaida, na mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Kina mipaka yake. Mtu ambaye hakukaa shuleni anaweza kupata alama ndogo kwa sababu hakuzoea kuchora saa au mchemraba, wakati mhasibu wa wizara iliyohamia Mtumba anaweza kupata 28 na bado akashindwa kufunga hesabu za mwezi. Alama nzuri isikunyamazishe ikiwa daftari linasema vingine. Omba uchunguzi wa kina wa mwanasaikolojia tiba, hata kama itabidi kusubiri au kusafiri. Omba pia kuonana na mtaalamu wa tibakazi, ambaye kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake halisi, na mtaalamu wa lugha na matamshi ikiwa usemi umeguswa.

Sonona ikiwa kali, unaweza kuelekezwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Hapa mjini jina hilo limegeuzwa kuwa tusi, na zipo familia zinazozunguka hospitali tatu ili kulikwepa geti hilo. Ni hasara tupu. Sonona ya baada ya kiharusi inatibika, na kuitibu huwezesha mazoezi mengine yote, wakati kuiacha kunaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua. Akitamka mawazo hayo, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Panga nyumba na siku nzima upya

Ahueni huenda kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha hupungua mwendo bila kukoma. Wakati huo wote kijana anatakiwa kuishi, na njia ya uhakika zaidi ya kuishi ni kutoa mzigo kichwani na kuuweka nje, kwenye karatasi, simu na mazoea.

Chagua daftari moja tu dogo, linaloingia mfukoni. Karatasi kumi zilizobandikwa kila ukuta huacha kuonekana baada ya siku chache. Kila jioni aandike mambo matatu ya kesho, na asubuhi alifungue kabla ya kufungua simu. Kengele za simu ziwe na maneno, maana mlio mtupu humkumbusha kwamba kuna jambo bila kumwambia ni lipi. "Meza dawa ya shinikizo sasa hivi, ipo kabatini" inatosha. Dawa zipangwe kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku saba, akijaza mwenyewe huku wewe ukiangalia. Funguo, simu, kadi ya bima na kadi ya kliniki viwe na mahali pamoja pasipobadilika, na watoto waambiwe hivyo.

Kazi nzito ya kichwa ifanywe asubuhi, kabla ya joto la mchana wa Dodoma, na baada yake apumzike dakika ishirini au thelathini hata kama hajihisi kuchoka, kwa kuwa akingoja achoke atakuwa amechelewa. Redio izimwe anapohesabu au anapoelekezwa. Mweleze jambo moja, mwache alirudie kwa maneno yake, ndipo uendelee na la pili.

Jikoni kunahitaji uangalifu wa pekee. Asiache sufuria jikoni na kutoka nje, hata kwa kumwitikia jirani. Akilazimika kutoka, azime gesi au aepue kwanza. Kwenye jiko la mkaa, mtu asiyeuona upande wa kushoto anaweza kuungua mkono bila kutazama, kwa hiyo jiko liwekwe upande wake wa kulia.

Suala la pesa ni gumu kwa sababu linagusa heshima ya mtu mzima. Kumnyang'anya simu na namba ya siri kunamdhalilisha, na kumwachia kila kitu kunamweka mikononi mwa matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Njia ya kati ni kuwa na laini ya matumizi ya kila siku yenye kiasi kidogo, na makubaliano, yaliyofanywa na yeye mwenyewe akiwa ametulia, kwamba kiasi chochote kinachozidi kiwango fulani hakitumwi wala mkopo wa VICOBA hauwekwi saini kabla ya kulala usiku mmoja na kumweleza mtu mmoja anayemwamini.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi kwa kutumia kazi zenyewe

Michezo ya simu inayodai kunoa ubongo humfanya mtu awe hodari wa michezo hiyo, na ushahidi kwamba uhodari huo unahamia kwenye kuendesha duka ni hafifu. Muda huo ni bora utumike kwenye kazi anayotaka kuirudia.

Ikiwa anajifunza jambo jipya, kama kutumia mashine ya kupimia shinikizo, usimwache abahatishe, kwa sababu kumbukumbu iliyojeruhiwa huweza kushika kosa badala ya jibu. Mwonyeshe, fanyeni pamoja, kisha ondoa msaada kidogo kidogo. Kwa jambo la kukariri, kama jina la msimamizi mpya, mwulize baada ya dakika moja, halafu mbili, tano, kumi, na kadhalika. Akikosa, mwambie jibu papo hapo na urudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu.

Anayeshindwa kupanga afundishwe kusimama kwanza na kujiuliza kwa sauti: nataka kufanya nini, hatua zake ni zipi, niko ya ngapi, na je, bado nafanya nilichokusudia? Mwanzoni itaonekana ni maigizo. Yule mama wa nyanya naye ana ruhusa ya kusema, "Subiri kidogo mwanangu, niandike kwanza," na kuandika kila fungu kabla ya kupokea noti. Anayepuuza upande wa kushoto achorewe mstari mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa, asianze kusoma mpaka macho yameufikia, na kabla ya kuvuka barabara ageuze kichwa chote upande huo.

Kutembea kwa kasi au mazoezi mengine ya mwili, daktari akiyaruhusu, yawe sehemu ya ratiba ya wiki.

Hatua ya 7: Rudi kazini kwa awamu

Kosa la kawaida ni kurudi mapema kwa saa zote, kuharibu kazi mbele ya watu, kisha kuacha kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Mtumishi wa umma aulize ofisi ya utumishi wa taasisi yake kuhusu taratibu zinazomhusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kiajira kwa sababu ya ulemavu, hata ulemavu usioonekana kwa mkongojo.

Omba daktari aandike mahitaji mahususi badala ya "kazi nyepesi": nusu siku kwa wiki kadhaa za mwanzo, maelekezo ya maandishi, meza mbali na mlango, kazi moja kwa wakati mmoja na mtu wa kuhakiki hesabu. Kwa mkuu wa kazi inatosha kusema, "Mkuu, naelewa kazi yangu, ila nahitaji maagizo kwa ujumbe na muda wa kuyapitia kabla ya kikao." Wenzako wote hawalazimiki kujua.

Dereva wa bodaboda, bajaji au lori yuko katika hali tofauti, na hapa sina ulegevu. Asishike usukani hadi daktari aruhusu baada ya kupima macho, umakini na kasi ya kuitikia. Mwenye degedege au asiyeuona upande mmoja asiendeshe kabisa mpaka hali hiyo ithibitishwe kuwa imeisha. Kwa kuwa chakula cha nyumbani kinategemea chombo hicho, familia ipange mapema nani atakiendesha kwa hesabu ya siku, kabla njaa haijamrudisha barabarani.

Hatua ya 8: Zuia kiharusi cha pili

Kila kiharusi kipya hupunguza zaidi uwezo uliobaki, kwa hiyo kuzuia ni sehemu ya tiba ya kumbukumbu. Kwa wagonjwa wengi lengo la shinikizo ni chini ya 130/80, likipimwa mara kwa mara na kuandikwa kwenye lile daftari. Sigara iachwe. Chumvi ipunguzwe, na magadi yanayotiwa kwenye mlenda yahesabiwe humo, maana nayo yana sodiamu; mlenda unaweza kupikwa kwa magadi machache sana. Mwanamke aliyepata kiharusi asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na kabla ya kubeba mimba azungumze na daktari, hasa kama aliwahi kupata kifafa cha mimba. Mwenye selimundu afuatilie kliniki yake bila kukosa.

Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la tano, ajue dalili: mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki, au kuchanganyikiwa kulikokuja kwa dakika badala ya wiki. Aangalie saa na aikumbuke, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana na mgonjwa anapofaa kuipewa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa. Asipewe kitu chochote cha kunywa wala aspirini nyumbani, kwa sababu huenda mshipa umepasuka. Namba ya simu ya dereva wa teksi au bajaji anayepatikana usiku iandikwe ndani ya jalada la daftari, pamoja na majina ya dawa zote anazotumia.